Ukoo wa Akina Heinrich na Mabinti Wasio na Namba

Katika ukoo wa Reuss, watawala wa zamani wa vinchi vidogo vya Ujerumani, hakuna mzazi aliyewahi kuumiza kichwa kutafuta jina la mtoto wa kiume. Akizaliwa, ni Heinrich. Kaka yake ni Heinrich, mdogo wake ni Heinrich, baba mkubwa na baba mdogo ni Heinrich, na hata mtoto akifa mchanga huzikwa akiwa Heinrich na namba yake. Wamefanya hivyo tangu mwishoni mwa karne ya 12, kwa heshima ya Kaizari Heinrich wa 6 aliyewafadhili mababu zao. Mwaka 1668 wakaliingiza jambo hilo kwenye kanuni za ukoo, asije akatokea mkorofi akamwita mwanawe Karl.

Kwa kuwa wote wana jina moja, ilibidi wahesabiwe. Kwenye falme nyingine namba hupewa yule aliyekalia kiti. Kwa akina Reuss namba ni ya kila mtoto wa kiume, awe mrithi au asiwe na chochote cha kurithi. Tawi kubwa, la Greiz, lilikubaliana kuhesabu mpaka 100 ndipo lianze upya, na halikufika. Tawi dogo, lile la Gera, huanza upya karne mpya inapoingia. Ndiyo maana mtawala Heinrich wa 67, aliyezaliwa 1789, alirithiwa na mwanawe Heinrich wa 14, aliyezaliwa 1832, naye akarithiwa na mwanawe Heinrich wa 27. Ukiiona orodha hiyo kwa mara ya kwanza utadhani aliyeichapa alikuwa amelewa.

Mimi nilikutana nao nilipokuwa nasoma Jena, mji ambao Mswahili mpenda historia huujua kwa sababu nyingine kabisa: ndiko alikofia Bibi Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, mwaka 1924. Gera iko jirani tu kwa treni. Nilikwenda kutembea, kama wanafunzi wanavyotembea wasipokuwa na hela ya kwenda mbali, na kila kibao nilichosoma kilinitajia Heinrich. Nikaanza kuandika majina yao kwenye daftari. Baada ya muda niligundua kwamba daftari limejaa wanaume wanaochekesha, na kwamba habari zilizonikera na kunikosesha usingizi zote zilikuwa za mabinti zao, ambao hakuna aliyewapa namba.

Lakini tuwaone wanaume kwanza.

Mababu zao hawakuwa wafalme. Walikuwa wasimamizi wa mali ya kaizari kwenye vilima vya mashariki mwa Thuringia, katika miji ya Weida, Gera na Plauen, na cheo chao cha usimamizi, Vogt, ndicho kilicholipa eneo lile jina la Vogtland. Mmoja wao alipewa lakabu ya "Mrusi" kwa ajili ya uhusiano wake na nchi za mashariki, na lakabu ikageuka kuwa jina la ukoo: Reuss. Mwaka 1564 waligawana ardhi matawi matatu, tawi la kati likakatika mapema, na yaliyobaki yakaendelea kugawana. Kila baba alipokufa, akina Heinrich walikata ardhi vipande. Ikawa kuna Reuss wa Greiz ya Juu na Reuss wa Greiz ya Chini, majumba mawili katika mji mmoja mdogo, mmoja anamwangalia mwenzake kutoka mlimani. Kukawa na Reuss wa Schleiz, wa Lobenstein, wa Ebersdorf, wa Köstritz. Waliamua kuachia urithi kwa mtoto wa kwanza peke yake mwaka 1690, wakati kilichobaki kugawanywa kilikuwa kimeshakuwa kidogo mno. Mpaka mwisho wa dola ya kaizari, nchi ya Greiz ilikuwa na kilomita za mraba 317 hivi, na ile ya Gera 827. Ziweke pamoja zote mbili, bado Unguja ni kubwa zaidi.

Na bado zilikuwa nchi, zenye mtawala, bendera, mahakama na kura yake katika Baraza la Shirikisho la Ujerumani.

Kati ya wanaume hao wote, mmoja ninampenda bila kumcheka. Ni Heinrich anayeitwa Posthumus, aliyezaliwa Juni 1572 baba yake akiwa ameshazikwa. Alitawala Gera kwa utulivu, akaanzisha shule ya sekondari mwaka 1608, akapenda muziki, na akajiandaa kufa kama mtu anayejiandaa na safari. Kwa siri aliagiza jeneza la shaba. Akachagua aya za Biblia na beti za nyimbo za kanisani, zikaandikwa juu ya jeneza lote, upande wa kichwa, ubavuni, miguuni. Alipofariki Desemba 1635, katikati ya vita vya miaka 30 vilivyokuwa vinaiteketeza Ujerumani, familia ilimwita mtunzi mkubwa kuliko wote wa nchi yao wakati ule, Heinrich Schütz, ambaye alizaliwa Köstritz, ndani ya ardhi hiyohiyo ya Reuss. Schütz akayachukua maneno ya jeneza na kuyatia sauti. Kazi hiyo, Musikalische Exequien, iliimbwa kwenye maziko Februari 1636, na kwaya bado zinaiimba. Mimi nimekulia kwaya, kwa hiyo nina upendeleo, lakini niambie ni mtawala gani mwingine aliyewahi kumwachia mtunzi mashairi yakiwa yamechongwa kwenye shaba.

Sasa twende Ebersdorf.

Ebersdorf ni kijiji. Kina jumba la watawala lenye nguzo mbele, bustani kubwa, na barabara inayopita ikienda kwingine. Mwanzoni mwa karne ya 18 waliokuwa wakikaa pale walikuwa Reuss maskini kwa viwango vya Reuss, wacha Mungu sana, wafuasi wa ule uamsho wa Kilutheri uliosisitiza sala ya nyumbani na toba ya mtu binafsi. Mtawala kijana alikuwa Heinrich wa 29, aliyezaliwa 1699, na dada yake aliitwa Erdmuthe Dorothea, aliyezaliwa 1700.

Heinrich wa 29 alikuwa na rafiki, bwana mdogo kutoka Saxony aliyeitwa Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Zinzendorf alikuwa akimpenda binamu yake, Theodora wa Castell, na mambo ya posa yalikuwa yameanza kwenda vizuri. Kisha akapita Ebersdorf, akagundua kwamba rafiki yake naye anamfikiria Theodora. Mwingine angefunga mizigo na kuwahi. Zinzendorf aliomba, akafikiri, akaamua kumwachia. Theodora akaolewa na Heinrich wa 29 mwaka 1721. Mwaka uliofuata Zinzendorf akamwoa dada wa bwana harusi, yaani Erdmuthe.

Mwaka huohuo wa 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia walianza kufika kwenye shamba la Zinzendorf na kujenga kijiji walichokiita Herrnhut.

Msomaji wa Mbeya au Tabora ameshajua ninapoelekea. Mimi ni mtoto wa Kimoravian wa Rungwe. Nimejua jina la Herrnhut kabla sijajua jina la mji mkuu wa Ujerumani, na ile picha ya mwanakondoo mwenye bendera, "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate", nimeiona ukutani tangu nilipoanza kutambaa. Zinzendorf tulifundishwa. Erdmuthe sikumbuki kufundishwa hata siku moja.

Na bila Erdmuthe hesabu zisingekaa. Mumewe alikuwa mtu wa maono, na watu wa maono hawafai kuachiwa daftari la matumizi. Mwaka 1732 mashamba yaliwekwa kwenye jina la mke. Mwaka 1736 serikali ya Saxony ilimfukuza Zinzendorf nchini, naye akazunguka huku na huko akihubiri, huku Erdmuthe akibaki na madeni, wakulima, wakimbizi, wageni na watoto. Alizaa watoto 12, wanne tu wakafikia utu uzima. Katikati ya hayo alitunga nyimbo za kanisani. Wamishonari wa kwanza wa Herrnhut walitumwa 1732 kwenda St. Thomas katika Karibi, kwa watu waliokuwa utumwani, na tangu hapo hawakukoma kutumwa. Erdmuthe alifariki 1756, amechoka, na mumewe akaoa tena mwaka uliofuata.

Mwaka 1891 wamishonari wa Herrnhut, Theodor Meyer akiwa mmoja wao, walifika Rungwe kwa kupitia Ziwa Nyasa. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Bibi zangu walibatizwa kwa sababu ya safari ile. Najua safari ile ilikuja kwenye kivuli cha bendera ya Kijerumani, na sitaki kuipaka asali. Lakini ukiifuata fedha na chakula na uvumilivu uliokijenga Herrnhut, kamba inaishia mkononi mwa msichana wa kijiji cha Ebersdorf aliyejua kujumlisha na kutoa.

Turudi kwa Theodora, yule aliyeachiwa. Yeye na Heinrich wa 29 walimzaa Heinrich wa 24 mwaka 1724 (karne mpya, hesabu mpya, baba ni 29 na mwana ni 24; mtazoea). Heinrich wa 24 akamzaa, Januari 1757, binti aliyeitwa Augusta.

Augusta alikuwa mrembo wa kusimuliwa, na baba yake aliijua bei ya jambo hilo. Alimwita mchoraji Tischbein amchore binti akiwa katika sura ya Artemisia, malkia wa zamani, picha ionekane kwa watu wenye watoto wa kuoa. Franz, mrithi wa Saxe-Coburg-Saalfeld, aliiona na kuinunua kwa bei ya juu kupita kiasi, ingawa alikuwa mbioni kuoa mwanamke mwingine. Alimwoa yule mwingine mwaka 1776, mke huyo akafariki baada ya miezi michache, na Juni 1777 Franz alikwenda Ebersdorf kumchukua mwenye picha.

Coburg nayo ilikuwa imezama kwenye madeni. Walichokuwa nacho ni watoto, na Augusta alizaa kumi, saba wakakua. Hapa sina budi kumvulia kofia mwanamke huyu, ingawa matokeo ya kazi yake yananikaba koo. Mwaka 1795 aliitwa St. Petersburg na Malikia Catherine wa Urusi pamoja na mabinti watatu, mjukuu wa malikia, Konstantin, achague mke. Konstantin alimchagua Juliane, aliyekuwa na miaka 14, na ndoa ile ikawa mateso hadi Juliane akaikimbia mwaka 1801. Binti mwingine aliolewa na mwana wa ukoo wa watawala wa Württemberg. Mwana wa kiume, Ferdinand, alioa mali nyingi Hungaria. Binti Victoire alifiwa na mume wa kwanza, akaolewa mwaka 1818 na mwana wa mfalme wa Uingereza, Mtemi wa Kent. Mdogo kuliko wote wa wale saba, Leopold, mwaka 1831 aliapishwa kuwa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji. Augusta aliishi kuliona hilo. Alifariki Novemba ya mwaka huohuo.

Sasa hesabu wajukuu. Victoire alimzaa Victoria, malkia wa Uingereza. Ernst, kaka yake Victoire, alimzaa Albert, mume wa Victoria. Kwa hiyo Augusta ni bibi wa bibi harusi na pia wa bwana harusi. Wote wawili walizaliwa 1819, mmoja Mei mwingine Agosti, na mkunga aliyewapokea alikuwa mmoja, Charlotte von Siebold. Leopold wa kwanza alimzaa Leopold wa pili. Mtoto wa Ferdinand alimwoa malkia wa Ureno, wakamzaa Luís wa kwanza.

Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1884 na kufungwa Februari 1885. Kati ya wenye mali waliokuwa wanasubiri matokeo, Victoria wa Uingereza alikuwa mjukuu wa Augusta. Leopold wa pili, aliyeondoka na Kongo nzima kama shamba lake binafsi, alikuwa mjukuu wa Augusta. Luís wa Ureno, mwenye Msumbiji na Angola, alikuwa kitukuu. Ujerumani ilikuwa bado ya mzee Wilhelm wa kwanza, lakini baada ya miaka mitatu kiti kilimwangukia Wilhelm wa pili, mtoto wa binti mkubwa wa Victoria, ambaye kwa Augusta ni kilembwe. Mwambao wetu, bara letu, maziwa yetu, Kongo ya jirani zetu na Msumbiji ya jirani zetu wengine: mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipobadilishana Heligoland na haki za Zanzibar, sehemu kubwa ya ardhi inayozungumza Kiswahili ilikuwa mikononi mwa uzao wa mwanamke mmoja wa Ebersdorf.

Naongeza hapa, kwa kuwa swali huja kila mara: ile hadithi kwamba Victoria alimzawadia Wilhelm mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa si kweli. Mpaka ulichorwa 1886, Wilhelm akiwa bado hajatawala. Waliochora hawakuwa bibi na mjukuu, walikuwa makarani wenye rula. Undugu wa wafalme haukuamua mipaka. Ila uliwafanya wajione kama wanagawana vitu vya nyumbani, na hilo nalo lina uzito wake. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, Tippu Tip mwenyewe, alikubali kuwa liwali wa Leopold huko Stanley Falls. Mjukuu wa binti wa kijiji cha Thuringia akimwajiri mzee wa Unguja kwa ajili ya Kongo. Na yaliyowafikia Wakongo chini ya Leopold, mpira wa kulazimishwa na mikono iliyokatwa, yalidumu mpaka 1908 alipolazimika kuiachia nchi.

Kama Zinzendorf angemwoa Theodora alivyokusudia, Augusta asingezaliwa. Nimejaribu kuipuuza sentensi hiyo na imekataa kupuuzika.

Huku nyuma, wanaume wa Reuss waliendelea na ya kwao. Heinrich wa 72, wa mwisho kutawala Ebersdorf, anakumbukwa kwa amri ya mwaka 1844 aliyolalamika ndani yake kwamba ameipanda kanuni moja kama farasi kwa miaka 20, kanuni yenyewe ikiwa kwamba kila mtumishi aitwe kwa cheo chake. Wajerumani hawajaacha kumcheka. Mwaka 1843 alimkaribisha mcheza dansi maarufu Lola Montez, na baada ya muda mfupi akamwonyesha mlango. Mapinduzi ya 1848 yalipomgusa, aliachia madaraka, na ardhi yake ikaungana na Gera.

Greiz ilikuwa na sifa ya ukaidi. Mwaka 1866, Prussia, ule ufalme mkubwa wa Kijerumani wa Berlin, ilipopigana na Austria, karibu kila mwenye akili katika eneo lile alikaa upande wa Prussia au alinyamaza. Greiz, chini ya mama mtawala Caroline aliyekuwa anamshikia mwanawe kiti, ikachagua Austria. Askari wa Prussia wakaingia mjini, na Greiz ikatozwa faini ya thaler 100,000 kwa ajili ya wajane na yatima wa wanajeshi wa Prussia. Mwanawe, Heinrich wa 22, hakuisamehe Prussia mpaka anaingia kaburini mwaka 1902. Kwenye Baraza la Shirikisho kura yake moja, ya kinchi chake cha kilomita za mraba 317, ilijulikana kwa kupinga.

Alikuwa na mabinti watano na mtoto mmoja wa kiume, Heinrich wa 24 wa Greiz, aliyekuwa mgonjwa tangu utotoni na hakuweza kutawala hata siku moja. Gera wakatawala kwa niaba yake. Na mmoja wa wale mabinti, Hermine, aliyezaliwa 1887, aliolewa kwanza na mwana wa ukoo wa kikabaila wa Silesia, akabaki mjane na watoto watano. Mwaka 1922 mmoja wa watoto hao alimwandikia barua kaizari aliyefukuzwa, Wilhelm wa pili, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe na anapasua kuni uhamishoni Doorn, Uholanzi. Kaizari akamwalika mama mtu. Novemba 5 mwaka huohuo wakaoana, yeye ana miaka 63 na Hermine 34. Binti wa adui mkubwa wa Prussia kuliko watawala wote wadogo akawa mke wa Mprussia mkubwa kuliko wote, wakati Mprussia mwenyewe hana tena hata kiti cha kukalia. Sijui kama Heinrich wa 22 angecheka au angevunja kitu.

Hermine alimzika Wilhelm mwaka 1941, akarudi Silesia, akawakimbia Warusi mwaka 1945 na wakamkamata hata hivyo. Alifariki akiwa chini ya ulinzi wao Frankfurt ya mto Oder, Agosti 1947.

Watawala wote wa Ujerumani walishaondoka Novemba 1918, Heinrich wa 27 akiwa miongoni mwao. Reuss zote mbili ziliungana mwaka 1919, na Mei 1, 1920 zikamezwa na mkoa mpya wa Thuringia, uleule alimofia Bibi Salme miaka minne baadaye. Ngome ya Osterstein juu ya Gera ilipigwa mabomu Aprili 1945, na magofu yakabomolewa 1962. Mwenyewe, Heinrich wa 45, mtoto wa Heinrich wa 27, alikuwa mtu wa maigizo aliyeipenda jukwaa la Gera kuliko siasa, ingawa hiyo haikumzuia kujiunga na chama cha Nazi. Warusi walimchukua Agosti 1945, na hakuonekana tena. Hakuoa. Mahakama ya Ujerumani Magharibi ilimtangaza kuwa amekufa mwaka 1962, na ukuu wa ukoo ukahamia kwa tawi la Köstritz, ambao hadi wakati huo walijulikana zaidi kwa mji wao kuwa na bia nyeusi.

Desemba 7, 2022 jina lilirudi kwenye kurasa za mbele. Polisi wa Ujerumani walimkamata Heinrich wa 13, mzee wa zaidi ya miaka 70, wakimtuhumu kuongoza njama ya kuipindua serikali na kurudisha dola ya zamani. Walipekua jumba lake la uwindaji karibu na Bad Lobenstein, mwendo mfupi tu kutoka Ebersdorf. Kesi ilianza kusikilizwa Frankfurt ya mto Main Mei 2024. Mkuu wa ukoo, Heinrich wa 14, alikuwa ameshajitenga naye hadharani miezi kabla ya kukamatwa. Katika wiki ile ya Desemba wanahabari wengi, wakiwemo wa redio za kwetu, walimtangaza kama mfalme wa 13 wa nchi inayoitwa Reuss. Hakuwahi kuwa mfalme. Alikuwa mtoto wa kiume wa 13 kuhesabiwa katika tawi lake kwa karne ya 20.